Hewa Moja, Majirani Wengi: Viwango vya Wi-Fi Vinavyopimwa Jabe

Jabe, jirani na Bwiza na Buyenzi katikati ya Bujumbura, ni mtaa wa watu wengi kwenye eneo dogo. Kiswahili kinatawala sokoni na barazani, na nyumba nyingi zimegawanywa vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja. Anayefungua simu hapo kutafuta Wi-Fi hukutana na orodha ndefu ya majina: ruta ya duka la vifaa vya simu, ya sekretariati ya kupiga fotokopi, ya mpangaji wa chumba cha mbele, na simu za vijana wanaogawana bando. Mitandao hiyo haijuani. Hakuna kati ya wamiliki wake aliyenunua leseni ya masafa, na hakuna aliyepanga zamu. Hata hivyo mchana ujumbe unapita. Usiku, watu wakisharudi nyumbani, video inakwama hata kwa aliyelipia intaneti ya kasi.

Kuelewa yote mawili, kwa nini inawezekana na kwa nini inakwama, kunahitaji kuvisoma viwango vya Wi-Fi kwa jicho tofauti na lile la matangazo ya biashara. Kasi inayoandikwa kwenye boksi imepanda mara maelfu tangu kiwango cha kwanza cha mwaka 1997. Lakini kiini cha viwango vyote ni kanuni ya kugawana muda wa hewa kati ya watu wasiofahamiana, na kanuni hiyo imebadilika polepole sana. Taabu ya usiku ya mitaa iliyobanana inatokana na tofauti hiyo ya mwendo.

Masafa yasiyo na mwenyewe

Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947 ulitenga vipande vya masafa kwa mashine za viwandani, za sayansi na za tiba. Kimojawapo kiko karibu na gigahezi 2.45, na ndicho kilichokuja kutumiwa na majiko ya maikrowevu. Kwa wahandisi wa mawasiliano hilo lilikuwa jalala la masafa: lina kelele nyingi, hakuna anayelipigania.

Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, kwa msukumo wa mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu vifaa vya mawasiliano vitumie vipande hivyo bila leseni. Masharti yalikuwa mazito: nguvu iwe ndogo, mawimbi yatawanywe kwenye upana mkubwa, na mtumiaji avumilie usumbufu wowote utakaomfika. Sharti hilo la mwisho ndilo mama wa mengine. Atumiaye masafa haya hana haki ya kumshitaki jirani. Ilimpasa mhandisi abuni chombo kinachoweza kuishi na jirani huyo.

Njia ya kuishi hivyo ilikuwa imeshaanza kutafutwa. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, kwa mfumo walioupa jina la ALOHA. Kila kituo kilituma kilipotaka, na pakiti, yaani vifurushi vya data, zilipogongana kilisubiri muda wa kubahatisha kikatuma tena. Mfumo ulifanya kazi bila msimamizi, ila gharama yake ilionekana katika hesabu: kwa ubora wake wote, chini ya asilimia 19 ya uwezo wa chaneli ndiyo iliyofikisha kitu.

Kilichogeuza wazo hilo kuwa bidhaa ni mahitaji ya dukani. Kampuni ya NCR ilikuwa ikiuza mashine za malipo za madukani, na wenye maduka walichoka kupasua sakafu na kuvuta nyaya upya kila walipopanga rafu upya. Wahandisi wake nchini Uholanzi wakatengeneza mtandao wa redio wa kuunganisha mashine hizo. Kwa kuwa hakuna mfanyabiashara aliyetaka kufungwa kwa muuzaji mmoja, ilitakiwa kanuni ya wote. Kikundi cha 802.11 cha taasisi ya wahandisi IEEE kiliundwa mwaka 1990, na Vic Hayes wa NCR akakiongoza kwa miaka 10. Kiwango cha kwanza kilitoka 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde.

Sikiliza kwanza, ndipo useme

Katika waya, kompyuta inaweza kutuma huku ikisikiliza. Mgongano ukitokea inaugundua papo hapo na kunyamaza. Redio haina bahati hiyo, kwa sababu sauti ya chombo chenyewe huzima sauti hafifu za mbali. Waandishi wa 802.11 walichagua kuepuka mgongano badala ya kuugundua. Chombo kinasikiliza hewa. Ikiwa kimya, kinangoja kidogo, kisha kinahesabu kurudi nyuma kutoka namba iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Ikifika sifuri hewa ikiwa bado kimya, kinatuma na kusubiri jibu fupi la kuthibitisha kwamba ujumbe umepokelewa. Jibu lisipokuja, kinadhani kumetokea mgongano, kinaongeza maradufu upeo wa namba za kubahatisha, na kujaribu upya. Vipimo vya kusubiri ni vya sehemu za milioni za sekunde: katika kiwango cha 802.11b, hatua moja ya kuhesabu ni mikrosekunde 20.

Ni mazungumzo ya barazani gizani, bila mwenyekiti, kila mmoja akinyamaza mpaka mwenzake amalize. Uzuri wake ni kwamba hayategemei kuaminiana wala kujuana. Ruta ya duka na simu ya mpita njia zinaheshimiana kwa sababu zimetengenezwa hivyo kiwandani.

Kulikuwa na njia nyingine. Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilitoa HiperLAN mwaka 1996, na baadaye HiperLAN/2, ambamo kituo kikuu kiligawa zamu na kuahidi ubora wa huduma. Kwenye karatasi ulikuwa mpango bora kuliko 802.11. Sokoni ulishindwa. Kugawa zamu kunadai chombo chenye akili zaidi na gharama zaidi, na kunapendeza pale ambapo jengo zima lina mwenyewe mmoja. Kanuni ya kusikiliza ilikuwa rahisi, chipu zake zikashuka bei haraka, na ilifanya kazi hata pale ambapo kila ukuta una mwenyewe wake.

Jabe inaonyesha pia mahali kanuni hiyo inapovuja. Kusikiliza kunasaidia tu ikiwa unasikia. Simu mbili zilizo vyumba viwili vya pembeni, kuta za matofali zikiwa katikati, zinaweza zote kuisikia ruta ya uani bila kusikiana zenyewe. Kila moja inaona kimya, zote zinatuma, na ruta inapokea vurugu. Kiwango kina dawa: chombo huomba kwanza nafasi kwa ujumbe mfupi, na ruta hutangaza ruhusa ambayo wote wanaisikia. Lakini ujumbe huo nao unakula muda, na vifaa vingi huutumia kwa pakiti kubwa tu.

Miaka ya kukimbizana na kasi

Kuanzia 1999 mashindano yalikuwa ya kasi. Mwaka huo vilitoka viwango viwili: 802.11b, chenye megabiti 11 kwenye gigahezi 2.4, na 802.11a, chenye megabiti 54 kwenye gigahezi 5. Apple ikaweka Wi-Fi kwenye kompyuta yake ya iBook, na kampuni kadhaa zikaunda umoja wa kuthibitisha kwamba vifaa vya viwanda tofauti vinaelewana. Leo unaitwa Wi-Fi Alliance. Mwaka 2003 kiwango cha 802.11g kilileta megabiti 54 kwenye masafa ya 2.4.

Siri ya kurukia 54 ilikuwa kushinda mwangwi. Mawimbi ya ndani ya nyumba hugonga kuta, paa na makabati, yakafika mara kadhaa kwa nyakati tofauti, na alama moja ikaikanyaga inayofuata. Suluhisho ni kugawa data katika mikondo mingi myembamba inayosafiri sambamba, kila mmoja ukienda taratibu kiasi kwamba mwangwi haudhuru. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, lilikuwa na hataza muhimu katika eneo hili. John O'Sullivan na wenzake walifikia uvumbuzi wa hataza hiyo wakiwa na uzoefu wa kuchuja mawimbi hafifu ya angani katika elimu ya nyota. Kesi na makubaliano na kampuni za teknolojia yaliipatia CSIRO zaidi ya dola milioni 430 za Australia.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kijasiri zaidi. Kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 kilitumia antena kadhaa kwa pamoja na kuugeuza mwangwi kuwa mtaji: njia tofauti ambazo mawimbi yanapitia zinabeba data tofauti kwa wakati mmoja. Paa za mabati, ambazo kwa redio za zamani zilikuwa kero, zikawa sehemu ya mashine. Nadharia yake ilifika megabiti 600. Mwaka 2013 kiwango cha 802.11ac kilipanua chaneli hadi megahezi 80 na 160 na kuvuka gigabiti moja, lakini kwenye gigahezi 5 pekee. Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance iliamua kuwapunguzia wanunuzi mkanganyiko wa herufi: 802.11n ikawa Wi-Fi 4, 802.11ac ikawa Wi-Fi 5.

Hesabu ya muda wa hewa

Namba hizo zote zinapimwa kwa chombo kimoja kikizungumza peke yake. Mtaani kipimo cha haki ni muda, kwa sababu chaneli ina sekunde moja tu katika kila sekunde, na wote wanagawana hiyo.

Tuanze na nafasi yenyewe. Masafa ya 2.4 yana upana wa megahezi 83.5. Chaneli zimepangwa kila baada ya megahezi 5, lakini kila mtandao unahitaji takriban megahezi 20. Kwa hiyo katika chaneli 11 au 13 zinazoonekana kwenye mipangilio, tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, zinakaa pamoja bila kugusana. Anayechagua chaneli ya 3 akidhani amekimbia msongamano anawasumbua watu wa ya 1 na wa ya 6 kwa pamoja. Anayewasha upana wa megahezi 40 kwenye 2.4 ili kasi iongezeke anachukua karibu nusu ya mtaa.

Kisha kuna matangazo. Kila ruta hutangaza jina lake takriban mara 10 kwa sekunde, na kwenye 2.4 ruta nyingi hufanya hivyo kwa megabiti 1, kasi ya mwaka 1997, ili hata kifaa kikongwe kisikie. Tangazo la baiti 250 kwa kasi hiyo linachukua milisekunde 2. Mara 10 kwa sekunde, ni milisekunde 20. Weka mitandao 20 kwenye chaneli moja inayosikiana, nayo si mingi kwa uzio uliopakana na uzio: milisekunde 400 za kila sekunde zimeliwa na majina peke yake, kabla mtu yeyote hajatuma salamu. Ruta hizo zikitangaza kwa megabiti 6, gharama inashuka hadi karibu milisekunde 67. Hakuna chombo kipya kilichonunuliwa. Umebadilishwa mpangilio mmoja.

Jambo la tatu liligunduliwa na watafiti wa Grenoble, Ufaransa, Martin Heusse na wenzake, mwaka 2003. Kanuni ya kusikiliza inampa kila chombo nafasi sawa ya kutuma pakiti, si muda sawa. Pakiti ya baiti 1,500 kwa megabiti 11 inahitaji milisekunde 1.1, kwa megabiti 1 inahitaji 12. Vyombo viwili vikipokezana pakiti kwa pakiti, vyote viwili vinaishia chini ya megabiti 1. Simu moja iliyo mbali, nyuma ya kuta mbili, inaweza kuushusha ua mzima hadi mwendo wake. Hakuna aliyefanya kosa: huo ndio usawa ulioandikwa kwenye kanuni, nao unawaumiza wote.

Hapa udhaifu wa gigahezi 5 unageuka kuwa fadhila. Mawimbi yake yanachoka haraka yakikutana na matofali, na watu wengi huyakataa kwa sababu hiyo. Lakini katika mtaa uliobanana, mawimbi yanayoishia ukutani ni mawimbi yasiyomfikia jirani. Chumba kimoja chenye ruta ndogo ya 5 kinahudumiwa vizuri na kuwaacha wengine kwa amani.

Kurudi kwenye zamu

Kiwango cha 802.11ax, yaani Wi-Fi 6, kilichopitishwa rasmi mwaka 2021, ndicho cha kwanza kilichoweka msongamano mbele ya kasi. Ruta sasa inaweza kuikata chaneli ya megahezi 20 hadi vipande 9 na kuwahudumia watumiaji tofauti kwa mpigo mmoja, badala ya kila ujumbe mfupi kushika chaneli nzima. Inaweza kupangia simu muda wa kuamka na kulala, jambo linalookoa betri. Na inaweka alama kwenye mawimbi yake, ili chombo kikisikia mawimbi hafifu ya mtandao wa jirani kijue kwamba si wa kwake na kuendelea kuzungumza bila kumdhuru.

Kwa maneno mengine, zamu za HiperLAN/2 zimerudi, safari hii juu ya msingi wa kusikiliza. Wi-Fi 7, iliyoanza kuthibitishwa Januari 2024, inaongeza uwezo wa kifaa kimoja kutumia masafa kadhaa kwa pamoja na kuhamia penye nafasi. Wi-Fi 8, inayoandaliwa sasa kwa jina la 802.11bn, imewekwa lengo la uhakika wa huduma, na mojawapo ya mawazo yake makubwa ni ruta jirani kuratibiana. Robo karne ya kanuni ya wasiojuana inafikia kukiri kwamba majirani wanapaswa kusemezana.

Lakini faida hizi zinahitaji pande zote mbili. Ruta ya Wi-Fi 6 inayohudumia simu za Wi-Fi 4 inalazimika kuzungumza kwa desturi ya zamani, na mtandao mkongwe wa jirani haujui alama wala zamu. Simu nyingi katika mitaa yetu hununuliwa zikiwa zimetumika, kwa hiyo kizazi kipya kinafika Jabe kwa mafungu, huku cha zamani kikiendelea kushika hewa kwa miaka mingi.

Siri ya ua mmoja

Kugawana hewa kuna upande wa pili: kila anayeweza kusikia anaweza kusikiliza. Ulinzi wa kwanza, WEP, ulivunjwa hadharani mwaka 2001 na Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir. WPA2 ya mwaka 2004 ilileta usimbaji imara, ingawa mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Leuven, Ubelgiji, alionyesha ufa katika namna funguo zinavyokubaliwa, na ikabidi vifaa visasishwe.

Kwa ua wa wapangaji tatizo kubwa ni jepesi kuelezea. Katika WPA2 ya nyumbani, anayejua nywila ya pamoja na kunasa salamu za mwanzo za simu ya mwenzake anaweza kufungua mawasiliano yake ya Wi-Fi. Tovuti na programu nyingi zina usimbaji wao wenyewe juu yake, nao unaokoa mengi. WPA3, iliyotangazwa 2018, inampa kila mtumiaji ufunguo ambao mwenzake hawezi kuukokotoa hata akijua nywila. Ilikuja kutatua shida ambayo mpangaji anaishi nayo kila siku.

Nani ataamua hewa ya kesho

Burundi haina bahari. Intaneti yake ya kasi inakuja kwa mikongo ya nchi kavu kupitia Tanzania na Rwanda, kutoka kwenye nyaya za baharini zilizofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia 2009, na ndani ya nchi inasambazwa na mkongo wa Burundi Backbone System. Tangu 2024 huduma ya setilaiti ya Starlink nayo imeingia. Kadiri njia hizo zinavyopanuka, kikwazo kinahama kutoka mpakani hadi mita 10 za mwisho, kati ya ruta na kitanda.

Eneo letu limeshaonyesha kwamba watu wanaweza kuzipanga mita hizo wenyewe. Kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, mradi wa Pamoja Net uliwafikishia wakazi intaneti kwa Wi-Fi ya masafa marefu. Kibera, Nairobi, TunapandaNET iliunganisha shule na vituo vya jamii kwa mtandao unaoendeshwa na vijana wa hapo hapo. Kilichoibeba miradi hiyo ni uhuru uleule wa 1985, wa masafa yasiyohitaji leseni, pamoja na watu wanaokaa kikao na kukubaliana.

Uhuru huo sasa una mjadala mpya. Marekani ilifungua megahezi 1,200 za masafa ya gigahezi 6 kwa Wi-Fi mwaka 2020. Katika mkutano wa redio wa dunia uliofanyika Dubai mwaka 2023, sehemu ya juu, kuanzia megahezi 6,425 hadi 7,125, ilitambuliwa kwa ajili ya simu za mkononi katika kanda ya Ulaya na Afrika. Kinachotegemewa zaidi kwa matumizi huru ni sehemu ya chini, na Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoifungua. Kwa mtaa kama Jabe sehemu hiyo ni ya thamani ya pekee: ni mpya, haina vifaa vikongwe vya kuvumiliwa, na mawimbi yake yanaheshimu kuta. Burundi, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, ina kila sababu ya kwenda pamoja na jirani zake, ili ruta inayouzwa Nairobi au Dar es Salaam iwe halali na yenye manufaa Bujumbura.

Kuna pia yasiyongoja kikao kama cha Dubai. Fundi anayefunga ruta Jabe aweke chaneli ya 1, 6 au 11 na upana wa megahezi 20 kwenye 2.4. Azime kasi za zamani pale ambapo hakuna kifaa kinachozihitaji, apunguze nguvu ya ruta iliyo kwenye chumba kimoja, na ahamishie simu zote zinazoweza kwenye 5. Wapangaji wa ua mmoja wafikirie ruta moja nzuri iliyowekwa katikati badala ya tano zinazopigana, na wanunue yenye WPA3. Mwenye duka anayeulizwa kifaa kipi ni bora aache kutaja namba kubwa ya boksi, aulize kwanza nyumba ina kuta ngapi na majirani wangapi. Kiwango kilichozaliwa ili mashine za malipo zihame dukani bila waya kimefika mahali ambapo ubora wake unaamuliwa na ujirani, na ujirani ni jambo ambalo Jabe inaweza kulipanga kuanzia leo.